Mapigo Tisa ya Bwana Meya

Alhamisi alasiri, siku mbili kabla ya sikukuu, meya wetu alikuwa amejifungia na mkewe chini ya nyumba, kwenye chumba cha viazi, wakipigana na pipa la maji.

"Shika vizuri," Hartl alisema.

"Nimeshika. Anayetakiwa kushika ni wewe," Burgi akamjibu. "Jumamosi mimi nitakuwa nimekaa kwenye benchi, sitakuwa jukwaani."

Pipa lilikuwa kuukuu, la mbao, waliloazima kwa Vitus wa kiwanda cha bia. Kazi yenyewe, ya meya kutoboa pipa la kwanza la bia kwenye hema la sikukuu, ni rahisi kuieleza. Mkono wa kushoto unaelekeza bilula, bomba la kutolea bia, kwenye kizibo cha pipa, mkono wa kulia unapiga kwa nyundo ya mbao mpaka bilula izame, kisha unapaza sauti, "Limetobolewa!" na hema zima linaanza kunywa. Mapigo mawili ni sifa, matatu si haba. Yakizidi manne watu wanahesabu kwa sauti, na hesabu hiyo utakutana nayo kwa mwokaji, kanisani, hata mazikoni. Meya aliyemtangulia Hartl alipiga saba mwaka mmoja, na mpaka leo nyumba ya wanawe hapa Haslkirchen inaitwa Kwa Saba.

Mkono wa kulia wa Hartl ulikuwa mzima, mkono wa mwashi aliyejenga nusu ya mazizi na kuta za kijiji hiki. Wa kushoto ndio uliokuwa unacheza. Daktari wa mjini aliutaja ugonjwa kwa jina Oktoba iliyopita, Parkinson, ule wa mwili kutetemeka na kukaza, akaandika vidonge, akasema pole. Waliojua walikuwa watatu: daktari, Burgi, na mwuza dawa wa mji wa pili, maana mwuza dawa wa hapa kwetu ukimpa siri asubuhi, jioni unaisikia kwa padri.

Hartl akachukua bilula mwenyewe. Mkono ukaanza, kwanza kidole gumba, halafu kiganja chote. Bilula ikagonga gonga mbao kama meno ya mtu mwenye baridi. Akapiga, akakosa, akapiga tena. Pigo la tano maji yakaruka yakamlowesha Burgi aproni.

"Waambie," Burgi alisema, akijifuta. "Panda jukwaani, uwaambie, mpe Aigner nyundo apige yeye. Naibu yupo kwa kazi gani?"

"Nikimpa Aigner nyundo Jumamosi, mwezi Machi, kwenye uchaguzi, nitampa na kiti."

"Basi mpe."

"Tule nini, Burgi? Ukuta hautaki mkono unaocheza. Pensheni bado miaka miwili. Tuna posho ya umeya tu, na hii nyumba."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kifo bado. Machi ndiyo iko karibu." Hartl akakaa juu ya gunia la viazi. "Nikisema naumwa, watanipa pole wote, mmoja mmoja, na maua wataleta. Halafu watamchagua Aigner kwa kunihurumia. Wanadhani nimeanza kunywa. Waache wadhani. Mlevi hapa kwetu anasamehewa."

"Na mke wa mlevi je?"

Hartl akainuka, akaokota nyundo. Alimwomba ashike bilula mara moja zaidi ili apige hata pigo moja zuri kabla ya chakula, naye akashika.

Ni kweli tulidhani amelewa. Lisemwalo lipo, tulisema, kama halipo laja. Majira ya kuchipua tulimwona akinyunyiza maji ya baraka kwenye kaburi la mkuu wa zimamoto na maji yakaenda kila mahali isipokuwa kaburini. Kwenye sherehe ya kubariki gari jipya la zimamoto kikombe chake cha kahawa kilifika mdomoni nusu. Tukatazamana. Na niseme ukweli, wala hatukuchukia. Miaka kumi na moja Hartl alikuwa mtu wa glasi moja na kwaheri, mtu wa kunyooka, na mtu wa kunyooka anachosha. Sasa tulimwona ni mwenzetu, na tukaanza kumpigapiga mgongoni.

Mkewe hakupigwapigwa mgongo na mtu.

Ijumaa Burgi alikwenda buchani kununua nyama ya supu. Mama mwenye bucha alimfungia nyama, halafu akaweka juu yake kikopo kidogo ambacho Burgi hakukiomba. Walikuwepo wateja wanne nyuma yake.

"Hicho nini?"

"Samaki wa siki. Chukua tu, mama, wa bure," mwenye bucha akasema, sauti akiishusha kwa namna ambayo wote wanne waliisikia. "Wa Jumapili asubuhi. Mume wangu nampa wawili na maji ya baridi, saa tatu anakuwa binadamu."

Kwetu samaki wa siki ni chakula cha aliyeamka na kichwa kizito. Burgi alijua, na wateja walijua kwamba anajua. Alitaka kukirudisha. Akafikiria posho, Machi, na mume wake juu ya gunia la viazi, akakitia kikapuni.

"Asante," alisema.

"Tusaidiane, mama. Wanaume ndivyo walivyo."

Njiani alikiacha kikopo juu ya ukuta wa makaburi, akijua paka wa sakristani watakifungua wenyewe. Alilia kidogo, kwa hasira kuliko huzuni, halafu akajipangusa kwa sababu mkewe Aigner alikuwa anakuja na baiskeli.

*

Jumamosi asubuhi ilimchukua Burgi robo saa kumvalisha mumewe. Kaptula ya ngozi ina vifungo vya mfupa, vidogo na vigumu, na Hartl alijaribu viwili kisha akainua mikono kama mtoto. Burgi akapiga magoti akavifunga, akamvutia soksi za sufu mpaka chini ya goti, akamwekea kofia yenye unyoya.

"Unaonekana vizuri," alimwambia, na ilikuwa kweli.

Kidonge alikinywa saa nne na nusu. Walikuwa wamekifanyia mazoezi hicho pia, kama pipa. Kinakaa dakika arobaini kabla ya kuamka, halafu mkono unatulia saa moja na nusu hivi, siku nzuri mbili, kisha kinachoka. Saa sita kamili, kengele ya mchana, pipa linapigwa. Kidonge kingekuwa katikati ya nguvu zake. Sharti lilikuwa moja tu, asile nyama karibu nacho, maana daktari alisema nyama inakizima.

Vitus alimngoja langoni na gari la farasi. Ni mtu mnene mwenye huruma, na miaka ishirini amesimama nyuma ya mameya wa vijiji kumi na vinne.

"Bwana Meya, kizibo naweza kukilegeza," alisema kwa chini. "Kidogo tu. Wengine wote nawafanyia, unadhani wanapiga mawili kwa nguvu zao? Na bilauri yako nitakupa ya udongo, isiyoonyesha ndani. Nitakutilia isiyo na kilevi."

"Ya udongo sawa. Kizibo kiache."

"Mzee, usiwe mbishi."

"Kizibo kiache, Vitus. Kikilegezwa siku moja kitajulikana."

Burgi, aliyekuwa akisikia, alitamani kumchapa kwa mwavuli. Mwongo wa mwaka mzima, leo ameona haya kudanganya kizibo.

Wakatoka. Mbele matarumbeta, halafu zimamoto, chama cha walenga shabaha, kile cha akina mama wa maua ya mwituni, farasi wanne na mapipa. Kila chama kina meza yake njiani, na kila meza ina sufuria la soseji nyeupe, ambazo lazima ziishe kabla ya kengele ya saa sita; baada ya hapo mtu mwenye adabu hazigusi. Meya asipokula kwenye meza yako amekutukana. Hartl alijua. Burgi alijua. Na katika mazoezi yote ya wiki tatu, wote wawili, waliozaliwa hapa na kulelewa hapa, walizisahau soseji, kwa sababu kwetu soseji nyeupe hakuna anayeihesabu kuwa nyama. Ni kama salamu.

"Bwana Meya, karibu, mbili tu," wakasema zimamoto.

Akala mbili. Kwa walenga shabaha akala mbili, ngozi akimenya mwenyewe, mkono ukiwa bado mtulivu, na Burgi kutoka upande wa pili wa barabara akafanya ishara ya kisu shingoni. Hartl alidhani anamwambia skafu imelegea. Kwa akina mama wa maua akala nyingine mbili.

Halafu mgeni rasmi wa wilaya akachelewa. Gari lake lilikuwa limekwama nyuma ya farasi wetu wenyewe. Kengele ya saa sita ikalia, hema limejaa watu elfu moja na mia mbili, bendi ikipiga wimbo wa kutakiana afya bila mtu kuwa na bia ya kutakiana afya nayo, na meya amekaa jukwaani mikono magotini. Saa sita na nusu. Mgeni anaegesha. Saa saba kasoro robo. Mgeni ana hotuba.

Burgi alikuwa benchi la mbele pamoja na Zenzi, mjane wa fundi chuma Lugg, yule aliyekufa kwa pombe, mama wa miaka themanini aliyekuwa na mahali pale pale tangu hema likiwa nusu ya lilivyo leo. Burgi hakusikia neno la hotuba. Aliuangalia mkono wa kushoto wa mumewe juu ya ngozi ya kaptula. Saa saba kasoro dakika kumi kidole gumba kikaanza.

"Una nini, mwanangu?" Zenzi akauliza. "Umekuwa mweupe kama jibini."

"Joto tu, mama."

*

Hartl alipoinuka aliinuka mzimamzima, na watu wakashangilia. Vitus akamfunga aproni ya ngozi. Hartl akashika bilula, na watu elfu moja na mia mbili wakauona mkono.

Kicheko kilianza nyuma, kwenye meza za vijana, kikaja mbele taratibu. Hakikuwa kicheko kibaya. Aigner, naibu, ndiye aliyekuwa na kipaza sauti, na Aigner ni mtu wa kampeni kuanzia nywele hadi viatu.

"Naona Bwana Meya ametangulia kuonja," alisema.

Hema likapasuka. Hartl akapiga. Bilula ikateleza pembeni, na hema likasema kwa pamoja, "Moja!" Akapiga la pili, la tatu. Kizibo, ambacho hakikulegezwa, kilikaa pale pale kama askari. La nne bilula ikaingia mshazari, bia ikaruka kwa shinikizo ikampiga Aigner kifuani, ikampiga mgeni wa wilaya, ikamlowesha mpiga tarumbeta la kwanza na karatasi zake. "Tano!" Watu walikuwa wamesimama juu ya mabenchi. "Sita! Saba!" Wana wa yule meya aliyemtangulia, wale wa Kwa Saba, wakapiga kelele kuliko wote, maana msalaba wao ulikuwa umepata mchukuzi mwingine. Nane. Vitus alinyoosha mkono kumsaidia, Hartl akamsukuma. Tisa. Bilula ikazama.

Alisimama pale amelowa, povu kwenye nyusi, anahema. Kulikuwa na kitambo kifupi ambapo angeweza kusema. Burgi aliona midomo yake ikijiandaa, akainuka nusu kwenye benchi, akisema kimoyomoyo sema, sema, sema baba, tumalize.

Hartl akaweka kofia upande. Akapepesuka hatua mbili kushoto, moja kulia, akamkumbatia Aigner aliyelowa, akaangukia kwenye kipaza sauti.

"Limetobolewa!" aliimba, akiburuta maneno. "Na mimi pia!"

Sijawahi kusikia hema likilia vile. Watu walilia machozi kwa kucheka. Bendi ikapiga, bilauri zikagongana, mgeni wa wilaya mwenyewe alipiga makofi. Hartl akanyanyua bilauri ya udongo kwa mikono miwili, ikicheza, ikimwaga, akainywa ile isiyo na kilevi mpaka chini, na kila tone lililomwagika tulilishangilia. Mtu aliyekaa miaka kumi na moja kama ukuta, sasa anacheza ngoma yetu. Aigner alicheka pia, lakini macho yake yalikuwa yanapiga hesabu ya kura, na hesabu haikumpendeza.

Burgi akakaa chini.

"Mchukue sasa," Zenzi akamwambia, "akiwa bado anachekesha. Baada ya hapo hawachekeshi."

Alipanda jukwaani. Hartl alimwona akija, na chini ya povu uso wake ulikuwa umechoka kupita kiasi, uso wa mtu aliyebeba matofali kutwa nzima.

"Nipeleke nyumbani," alimnong'oneza. "Miguu inakataa."

Akamshika kwapani. Njia ya katikati ya meza ni ndefu, hatua sitini hivi mpaka mlangoni. Walikwenda ishirini vizuri, yeye akipepesuka kwa makusudi, akiwapungia watu. Halafu, mbele ya meza ya zimamoto, miguu ikaganda. Huo ndio ugonjwa wenyewe: mtu anataka kwenda, kichwa kinaamuru, na nyayo zinakuwa kama zimepigiwa misumari sakafuni. Hakuwa anaigiza tena. Jasho lilimtoka.

Nyumbani, akiganda mlangoni, Burgi huweka mguu wake mbele ya mguu wa Hartl, kama kizingiti, naye hupata kitu cha kuruka na kutembea. Akaweka mguu.

"Ee, anampiga ngwala!" mtu akapiga kelele. "Mama Meya, mhurumie, usimwangushe mzee wa watu!"

"Mpige teke kabisa!"

Bendi ikageuza wimbo, ikampigia maandamano ya polepole, na meza zote zikapiga makofi kufuata mwendo wake, mwendo ambao haukuwepo. Hartl alitabasamu kwa meno. Mkono wake ndani ya mkono wa Burgi ulikuwa unapiga kama ndege aliyeshikwa.

Ndipo Burgi aliposimama wima, akageukia zimamoto, walenga shabaha, mama wa bucha aliyekuwa pale na bilauri yake, akasema kwa sauti ambayo meza sita saba ziliisikia vizuri:

"Hajalewa. Mume wangu hajalewa. Ni mgonjwa."

Makofi yakapungua. Watu wakatazamana. Na mimi nilikuwepo, meza ya tatu, nilisikia kila neno. Nikaona mama wa bucha anaweka bilauri chini, anaweka mkono kifuani, na macho yake yanajaa huruma.

"Ndiyo, mama," alisema taratibu. "Ndiyo. Tunajua."

"Ni mgonjwa, nakwambia! Daktari—"

"Ni mgonjwa," mkuu mpya wa zimamoto akakubali, akiitikia kwa kichwa kama mtu kwenye mazishi. "Na ni ugonjwa kweli, siku hizi wanasema hivyo. Kaka yangu pia."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Wakasogeza mabenchi kumpa nafasi, vijana wawili wakainuka kumbeba meya juujuu, kwa upole sana, kama anavyobebwa mtu wa namna hiyo. Hartl aliegemeza kichwa begani mwa mmoja wao. Alikuwa amefumba macho.

Zenzi alikuwa amewafuata kwa fimbo yake. Akamshika Burgi kiwiko, akamwinamia karibu na sikio.

"Nami nilisema hivyo hivyo, mwanangu," alisema. "Ni mgonjwa, nilikuwa nawaambia. Miaka kumi na tisa. Mpaka nikaamini mwenyewe."

Burgi alimtazama mumewe akibebwa kwenda mlangoni. Angemwambia nini? Neno la kweli alikuwa amekwisha kulisema, mbele ya watu wote, na halikubaki jingine.

Mwezi Machi tulimchagua Hartl kwa kura nyingi kuliko alizowahi kupata. Jioni ya matokeo watu walifika mlangoni kwake kumpongeza, na karibu kila mmoja alileta chupa, bia ya shambani, pombe kali ya pea, hata mvinyo wa gharama. Hartl alikuwa amelala. Burgi alizipokea moja moja, akazipanga chini kwenye chumba cha viazi, na kwa kila chupa alisema asante.